Pindo, Mji na Jina: Uhakiki wa Ukurasa wa Kiswahili

Neno utamaduni linapotajwa mbele ya vijana wetu, aghalabu mawazo yao hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula na michezo ya jadi. Wachache hukumbuka lugha, na wachache zaidi hukumbuka maandishi. Ukurasa wenyewe ni nadra kupata aukumbukaye. Tunaupita kama mtu anavyoupita mlango wa nyumba aliyoizoea, bila kuuliza nani aliuchonga wala kwa nini kizingiti kimewekwa mahali kilipo. Hali ukurasa nao una fundi wake. Yupo mtu aliyeamua herufi ziwe na ukubwa gani, mstari uwe mrefu kiasi gani, picha ikae wapi, na pambizo iachwe pana au nyembamba. Maamuzi hayo ndiyo yanayomwezesha mwananchi kusoma hadi mwisho, au yanayomchosha akaacha katikati.

Katika makala haya twakusudia kuhakiki ukurasa wa Kiswahili, hasa ukurasa wa tovuti, ambao leo husomwa na wanafunzi wengi na walimu wao kwenye kioo cha simu. Rai yetu ni hii: ukurasa mzuri ni ule ambao herufi, picha na nafasi tupu, kila kimoja kwa zamu yake, vinamtumikia msomaji na kuyatunza maneno ya mtungaji. Kanuni za kupima jambo hilo zimeandikwa na wataalamu wa nchi nyingine, nasi tutazitumia pale zinapofaa. Lakini twaona kwamba tunayo mizani yetu wenyewe, tena ya siku nyingi. Mizani hiyo ni khanga na shairi.

Khanga kama ukurasa

Tuitandaze khanga moja sakafuni, tuitazame. Ina sehemu tatu. Pindo ni ukingo unaozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati, ambamo ua, tunda, jengo au nakshi hukaa. Jina ni maneno machache yaliyoandikwa kwa mstari mmoja, chini ya mji na juu ya pindo la chini. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa herufi za Kirumi, lakini mahali pa jina hapakubadilika. Hata alama ya mfanyabiashara, kama ile iliyo mashuhuri ya K.H.E. Mali ya Abdulla ya Mombasa, hukaa kando kwa herufi ndogo. Haigombani na jina, wala hairuki katikati ya mji kudai itazamwe.

Ndani ya kitambaa hicho mna mafunzo matatu kwa mpangaji wa ukurasa. La kwanza ni kwamba kila kitu kina mahali pake, na macho ya mtazamaji hayana haja ya kutafuta. La pili ni kwamba ukingo si mali iliyopotea. Mtu asiyejua angeweza kusema kwamba pindo linakula kitambaa ambacho kingejazwa maua. Kumbe pindo ndilo linaloufanya mji uonekane kuwa mji. La tatu ni kwamba picha na maneno havirudufiani. Ua halichori kile ambacho jina linasema, na jina halielezi ua. Kila kimoja kinasema lake, na mvaaji ndiye anayeyaunganisha.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuona mpaka wa mfano wake. Jina la khanga huandikwa aghalabu kwa herufi kubwa tupu, na kwa maneno matano au sita jambo hilo halina madhara. Lakini mtu akichukua desturi hiyo akaandika tangazo la kurasa mbili kwa herufi kubwa tupu, msomaji atataabika. Herufi ndogo zina vichwa na mikia: l na k zinapanda, g na p zinashuka. Umbo la neno hutambulikana kwa kupanda na kushuka huko. Herufi kubwa zote zina kimo kimoja, nayo maneno yake hufanana kama matofali ya ukuta mmoja. Kwa hiyo kinachofaa kwa jina hakifai kwa mji.

Kutoka mswada hadi mtambo wa chapa

Washairi wetu wa kale hawakuwa na mtambo wa chapa, lakini walikuwa na ukurasa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na ambao mswada wake mashuhuri una tarehe ya 1728, una beti zaidi ya 1,000. Katika miswada mingi ya tendi, ubeti mzima wa vipande vinne uliandikwa katika mstari mmoja, na kati ya kipande na kipande iliwekwa alama ya kutenganisha. Kwa kuwa maandishi ya Kiarabu huanzia kulia, kipande cha nne kiliishia kushoto, na kina cha bahari, ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kikasimama upande huo kikiteremka ukurasa mzima kama nguzo. Msomaji aliyekuwa akighani mbele ya watu aliliona umbo la utendi kabla hajafungua kinywa. Jicho lilipofika kushoto, sauti ilijua kwamba sasa ni pahali pa kutua.

Katika miaka ya 1860 mtambo wa chapa wa wamisionari ulikuwa ukifanya kazi Unguja chini ya Edward Steere, na mwaka 1870 hadithi za Kiswahili alizozikusanya zilichapishwa London. Tangu hapo herufi za Kirumi zilizidi kuenea. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo, ambalo kurasa zake za mashairi ziliwalea watunzi wengi, Shaaban Robert akiwa mmoja wao. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyosimamia usanifu wa tahajia. Katika safari hiyo utenzi ulibadilika sura. Vipande vinne vilivyokuwa vikilala katika mstari mmoja vilisimamishwa, kimoja chini ya kingine, na ubeti ukawa ngazi ya mistari minne mifupi.

Hatusemi kwamba badiliko hilo lilikuwa baya. Ngazi hiyo inasomeka vyema, na leo mwanafunzi hajui umbo jingine. Twalitaja ili ionekane kwamba sura ya ukurasa haikushuka kutoka mbinguni. Iliamuliwa na watu, kwa sababu ya mwelekeo wa maandishi, upana wa karatasi na bei ya wino. Madhali iliamuliwa na watu wa zamani, na sisi wa leo tuna wajibu wa kuamua kwa akili zetu, tusiiachie mashine itupangie.

Herufi na lugha yetu

Aina nyingi za herufi zinazotumiwa duniani zilichongwa na mafundi waliokuwa wakifikiria lugha za Ulaya. Zinatufaa, lakini hazitufai zote kwa kiasi kimoja. Katika Kiswahili herufi a hutokea mara nyingi kuliko herufi nyingine yoyote. Neno kama 'watakapowaacha' lina a sita. Basi aina ya herufi ambayo tumbo la a limebanwa hata likaziba linapopunguzwa, huutia ukurasa wetu madoa meusi mengi kuliko ukurasa wa Kiingereza. Mwalimu anayechagua herufi za kuandikia mtihani na aanze kwa kuitazama a.

Jambo la pili ni herufi zinazofanana. Katika aina nyingi za herufi zisizo na vijino miguuni, I kubwa na l ndogo ni kijiti kile kile. Andika Ilala, Ilemela au Ileje kwa herufi hizo, na msomaji mgeni hatajua neno limeanza na nini. Mwaka 1996 Matthew Carter alitengeneza kwa ajili ya kampuni ya Microsoft herufi ziitwazo Verdana, zilizokusudiwa kusomwa kwenye kioo cha kompyuta. Alizipa miili mipana, akaachanisha herufi na herufi, na I kubwa akaitia vijino juu na chini ili isichanganywe na l. Fundi huyo hakuwa akifikiria Ilala, lakini kazi yake inatusaidia kwa sababu alianza na macho ya msomaji.

La tatu ni urefu wa maneno. Kiswahili huunganisha katika neno moja yale ambayo lugha nyingine husema kwa maneno manne. 'Hatutawasahaulisha' ni sentensi kamili. Maneno marefu namna hii yakiwekwa katika safu nyembamba, na mpangaji akaamuru pande zote mbili zisawazike, mashine hulazimika kuyavuta maneno mawili au matatu yaliyomo hadi yaguse kingo. Hapo hutokea mashimo meupe kati ya neno na neno, na mashimo hayo hushikana kutoka mstari hadi mstari yakawa mito inayoteremka katikati ya aya. Ni heri upande wa kulia uachwe bila kusawazishwa. Kanuni za kimataifa za tovuti zilizotolewa na W3C mwaka 2008 zinashauri vivyo hivyo kwa daraja lake la juu kabisa: maandishi yasisawazishwe pande zote mbili, mstari usizidi herufi 80, na nafasi baina ya mistari isipungue mstari mmoja na nusu. Robert Bringhurst wa Kanada, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu sanaa ya herufi, aliutaja mstari wa herufi 45 hadi 75 kuwa ndio unaofaa, na 66 kuwa kipimo kizuri zaidi.

Ikiwa ni lazima neno likatwe, Kiswahili ni lugha nyepesi kukatwa, kwani silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Mwanafunzi hukatwa mwa-na-fu-nzi, na popote baada ya irabu pana mlango. Lakini mashine isipoambiwa kwamba ukurasa ni wa Kiswahili, huenda ikakata kwa kanuni za Kiingereza na kutuachia 'mwan-' mwisho wa mstari. Ndiyo maana mtengeneza tovuti hana budi kuandika ndani ya ukurasa alama sw, ambayo ndiyo alama ya kimataifa ya lugha yetu. Kwa alama hiyo mashine yenye kanuni za Kiswahili hujua ikate vipi, na programu inayowasomea vipofu hujua itamke vipi. Ni herufi mbili tu, wala hazionekani na msomaji, lakini kuziacha ni kama kuweka barua ya Kiswahili katika jalada la lugha ngeni.

La mwisho katika sehemu hii ni rangi. Umekuwa mtindo kuandika kwa kijivu hafifu juu ya weupe, ukurasa uonekane wa kisasa. Kanuni hizo za 2008 zinataka tofauti ya mwanga baina ya herufi za kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu hakifiki hapo. Anayesoma ofisini, penye kivuli, huenda asione shida. Anayesoma chini ya mwembe saa saba mchana, jua likipiga kioo cha simu, hataona kitu. Ukurasa upimwe kwa macho ya huyu wa pili.

Shairi kwenye kioo chembamba

Sasa tufike penye uzito wa jambo. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne katika ubeti, na kila mshororo una mizani 16 iliyogawanyika katika vipande viwili vya mizani nane nane: ukwapi na utao. Kuna vina vya kati na vina vya mwisho. Tutunge ubeti mmoja wa mfano ili tuone kwa macho:

Mwandishi shika kalamu, ukurasa upangike,
Usomeke kwa fahamu, msomaji asichoke,
Picha ije kwa nidhamu, mahali pake ishike,
Nafasi nayo ni tamu, maneno yapumzike.

Tukihesabu herufi, nafasi na alama, mishororo hii ina baina ya 37 na 42. Kwenye karatasi ya kitabu hakuna taabu. Lakini simu ndogo, kwa herufi za ukubwa wa kawaida, hubeba herufi 35 hivi kwa mstari. Basi mashine, ambayo haijui mizani wala vina, hufanya hivi:

Mwandishi shika kalamu, ukurasa
upangike,
Usomeke kwa fahamu, msomaji
asichoke,
Picha ije kwa nidhamu, mahali pake
ishike,
Nafasi nayo ni tamu, maneno
yapumzike.

Tazameni kilichotokea. Hakuna herufi iliyopotea, wala neno lililobadilishwa, lakini shairi limeharibika. Utao umekatwa vipande viwili ambavyo mtungaji hakuvijua. Mwanafunzi akiambiwa ahesabu mistari atasema minane. Akiambiwa ahesabu mizani ya kila mstari atapata hesabu zisizolingana, naye atasema kwamba shairi hili ni huru. Hawezi kulaumiwa, kwani amesoma kile alichoonyeshwa. Naye akiongeza ukubwa wa herufi kwa sababu macho yake ni dhaifu, mishororo itakatika pengine tena, na mwenzake wa dawati moja atakuwa akisoma umbo jingine la ubeti ule ule.

Dawa yake haiko mbali. Imo ndani ya shairi lenyewe. Kipande kimoja cha mizani nane katika ubeti huu hakizidi herufi 23, na hakuna simu isiyoweza kukibeba. Mpangaji aamuru kwamba kipande kisivunjwe. Mshororo ukikosa nafasi, ukatike penye kituo cha kati, na utao uteremke ukisogezwa ndani kidogo:

Mwandishi shika kalamu,
     ukurasa upangike,
Usomeke kwa fahamu,
     msomaji asichoke,

Hapa vina vya kati vinaonekana mwisho wa ukwapi, vina vya mwisho vinaonekana mwisho wa utao, na ule mwanya wa ndani unamwambia msomaji kwamba mstari wa pili ni mtoto wa mstari wa kwanza. Umbo halisi la ubeti halikupotea, limekunjwa tu.

Tumesema limekunjwa kwa makusudi. Ukurasa wa tovuti una tabia ambayo ukurasa wa kitabu hauna: hubadilika upana kwa kufuata kioo cha msomaji. Mwaka 1996 zilitolewa kanuni za kutenga maneno ya ukurasa na mavazi yake, ambazo Håkon Wium Lie wa Norwei alikuwa mmoja wa waasisi wake, na mwaka 2010 Ethan Marcotte wa Marekani alieleza njia ya kutengeneza ukurasa mmoja ujipangao upya kwa kila kioo. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa geni. Sisi twaona kwamba mama zetu walilijua. Khanga hutandazwa, hufungwa kiunoni, hutupwa begani, hubebewa mtoto. Fundi wa khanga hajui itavaliwaje, lakini ameliweka jina mahali ambapo, kitambaa kikifungwa kiunoni, maneno yatasomeka nyuma ya mvaaji. Alifikiria mikunjo tangu mwanzo. Mpangaji wa tovuti ya mashairi naye na afikirie mikunjo tangu mwanzo.

Picha na uzito wake

Ukurasa wa kwanza wa tovuti duniani, mwaka 1991, ulikuwa wa maneno matupu. Mwaka 1993 Marc Andreessen alipendekeza njia ya kuweka picha ndani ya ukurasa pamoja na maneno, na programu ya Mosaic ikalieneza jambo hilo. Hatuna ugomvi na picha. Wasomaji wa gazeti la Uhuru wa miaka iliyopita watamkumbuka Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory: mistari michache ya wino, maneno machache, na nafasi nyeupe ya kutosha. Picha ilisema hali, maneno yakasema kichekesho, na msomaji akacheka kwa sababu vyote viwili vilikutana kichwani mwake. Hiyo ni kazi iliyotimiza sheria ya khanga.

Lakini picha katika kurasa nyingi za leo haifanyi kazi hiyo. Tumesoma makala juu ya kilimo cha mpunga katika mabonde yetu yakiwa na picha ya bonde la nchi ya mbali, kwa sababu tu picha ile ilipatikana bure. Picha kama hiyo haipambi bali inadanganya. Kipimo chepesi ni hiki: funika picha kwa kiganja, usome, ikiwa hakuna kilichopungua, picha haikuwa na haja ya kuwapo. Kisha funika maneno, utazame picha. Ikiwa inakupeleka pengine, picha ni adui wa maneno.

Tena picha ina uzito, na uzito huo una bei. Makala ya maneno 2,500 ya Kiswahili, yakihifadhiwa kama herufi tupu, hayazidi sana kilobaiti 16 au 17. Picha moja ya kamera ya simu, isiyopunguzwa, huweza kufika megabaiti nne. Maana yake ni kwamba picha moja ina uzito wa makala kama haya mara 200 na zaidi. Mwanafunzi anayenunua bando kwa fedha ya kuokoteza hulipia picha hiyo kabla ya kusoma neno la kwanza. Mpangaji asiyepunguza picha zake anamtoza kijana kodi ambayo hakuna aliyeipitisha.

Liko kosa lililo kubwa zaidi, nalo limeenea hasa kwa mashairi. Watu huyaandika mashairi juu ya picha ya waridi au machweo ya jua, kisha huyahifadhi kama picha na kuyatuma. Jambo hilo lina hasara nne. Herufi hupotea ndani ya maua, weupe juu ya weupe na wekundu juu ya wekundu. Msomaji akiikuza picha, herufi hufifia. Kipofu hapati kitu, kwani programu inayomsomea hukuta picha ambayo haikuandikiwa maelezo. Na mwisho, shairi hilo halitafutiki: mtu atakayetafuta kesho kwa neno la ubeti wake wa pili hatalipata, kwa sababu kwa mashine yale si maneno bali ni rangi. Washairi wetu wa kale walihofia mchwa na unyevu. Sisi twatia mashairi yetu wenyewe mahali ambapo hayatapatikana, tena kwa kudhani kwamba tunayapamba.

Kosa hilo limeingia hata katika matangazo ya umma. Barua ya serikali ni ukurasa ulionyooka: ina Kumb. Na., ina tarehe, ina YAH inayosema habari kwa mstari mmoja, na aya zake zina namba. Barua hiyo ikipigwa picha ikiwa imelala upande na kuwekwa kwenye tovuti, uzuri wote huo hupotea. Mwananchi anayetafuta tarehe ya mwisho ya kuomba kazi hulazimika kuivuta huku na huko kama mtu achunguzaye ramani kwa tundu la ufunguo. Maneno yale yale yangeweza kuwekwa kama maneno.

Kioo au khanga?

Mwaka 1930 Beatrice Warde, bingwa wa mambo ya herufi aliyezaliwa Marekani, alitoa nchini Uingereza hotuba ambayo wapangaji chapa huirejea hadi leo. Aliulinganisha uchapaji na kikombe cha kunywea divai. Mjuzi, alisema, huchagua kikombe cha kioo safi badala ya kikombe cha dhahabu, kwa sababu kioo humwonyesha kinywaji na hakijionyeshi chenyewe. Kwa rai hiyo, ukurasa bora ni ule usioonekana.

Twaikubali nusu ya rai hiyo. Kwa habari, kwa waraka, kwa kitabu cha jiografia, ukurasa na uwe kioo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kurasa nyingi zenye herufi za aina saba, rangi tisa na picha zinazorukaruka zinajitembeza kwa sababu hazina la kuuza. Lakini kwa shairi kioo hakitoshi. Shairi la Kiswahili lilitungwa liimbwe au lighanwe. Mwisho wa ukwapi ni pahali pa kuvuta pumzi, mwisho wa mshororo ni pahali pa kutua, na nafasi kati ya ubeti na ubeti ni kimya ambacho wasikilizaji hukitumia kuitikia. Kwa hiyo umbo la ubeti kwenye ukurasa si kikombe tu. Ni sehemu ya kinywaji. Anayeliweka shairi katikati ya ukurasa ili kila mstari uanzie pahali pake, au anayeibana nafasi kati ya beti ili kuokoa karatasi, amegusa sauti ya mtungaji ingawa hakugusa neno lake.

Hapo ndipo khanga inapotufaa kuliko kioo. Khanga haijifichi. Ina rangi, ina nakshi, na mtu huichagua kwa macho kabla ya kulisoma jina. Lakini uzuri wake umetiwa adabu: pindo halivamii mji, mji haulifuniki jina. Uzuri uliotiwa adabu, ndio tunaoutaka katika ukurasa wa Kiswahili.

Kazi iliyo mbele ya shule

Ndugu walimu, mambo haya hayangoji mitambo mipya. Katika kipindi kimoja cha fasihi, mwalimu aweza kuwapa wanafunzi shairi la mizani 16 na kipande cha karatasi chembamba kisichobeba zaidi ya herufi 30 kwa mstari, kisha awaambie walinakili bila kulivunja umbo lake. Watabishana pa kukata, na katika ubishi huo watajifunza ukwapi na utao vizuri kuliko kwa kukariri maana zake. Siku nyingine khanga moja iletwe darasani, wanafunzi wataje pindo, mji na jina, kisha wafungue ukurasa wowote wa gazeti au wa tovuti, waulize: pindo la ukurasa huu liko wapi? Mji wake umejaa nini? Jina lake linasomeka?

Na ninyi wanafunzi, ambao wengi wenu mtaandika zaidi kwa simu kuliko kwa kalamu, mnapotuma shairi litumeni kama maneno, si kama picha tu. Mkipenda kulipamba, pambeni kando yake, na picha iandikieni maelezo mafupi kwa ajili ya asiyeona. Mkiona katika tovuti ubeti uliokatika vibaya, msihesabu mistari haraka. Tafuteni vina kwanza, mtajua mshororo ulikuwa wapi kabla mashine haijaupitia.

Lugha yetu imepita katika herufi za Kiarabu na za Kirumi, katika mswada na mtambo wa risasi, na kila mara watu walikaa wakaamua maneno yake yawekwe vipi. Sasa imeingia katika kioo cha simu, na maamuzi hayo yanafanywa kila siku, mara nyingi na mashine iliyotengenezwa na watu wasioijua mizani nane. Yafaa yafanywe na sisi. Tukiacha, tutakuwa na vijana wanaosoma mashairi ya wazee wao kwenye kioo, neno kwa neno, wasijue kwamba waliyo nayo mbele yao ni mashairi.